Kizibo kimenyamaza, nimwage bia?

SWALI: Shikamoo Mama. Natengeneza bia ya shayiri nyumbani, kwenye ndoo ya plastiki yenye kizibo cha maji, kile kinachotoa gesi bila kuingiza hewa. Mwanzo kilibubujika sana, povu likapanda mpaka ndani yake. Sasa kimya. Nimwage?
Msomaji, Jinja

JIBU: Marahaba mwanangu. Usimwage! Bonyeza mfuniko taratibu. Maji ya kizibo yakipanda kisha yakashuka upesi, gesi inavuja pembeni tu, na huenda hamira bado inafanya kazi.

Lile povu ndilo linanitia wasiwasi. Likikauka na kuziba tundu, gesi hujaa mpaka mfuniko uruke, nawe utapaka dari rangi upya. Chomoa kizibo, kioshe, kitie dawa ya kuua vijidudu. Siku za mwanzo mimi hutumia mpira mnene: ncha moja kwenye tundu, nyingine ndani ya chupa ya maji. Povu likitulia, narudisha kizibo, nacho natia waragi, pombe kali, badala ya maji, kwa kuwa ndoo ikipoa usiku huweza kukinyonya kilichomo. Jirani yangu anaita huo ubadhirifu. Shauri yake.

Wala usihesabu mapovu. Pima kwa haidromita, kifaa kinachoelea kuonyesha sukari iliyobaki. Kipimo kisipobadilika kwa siku 3, tia chupani. Ukiharakisha, chupa zitapasuka.