Beta ya mwaliko na beta ya wazi
Ndugu, umeuliza kwa nini watengenezaji wa michezo ya mtandaoni huanza na beta (toleo la majaribio) ya mwaliko, yaani ya walioalikwa tu, ilhali baadaye watawafungulia wote. Wachezaji wakiwa wachache, ni rahisi kurekebisha silaha, ramani na kasoro nzito. Beta ya wazi hupima zaidi iwapo seva, kompyuta zinazoendesha mchezo, zitahimili umati. Beta ya mwaliko ya Valorant, mchezo wa kupigana risasi mtandaoni, ilianza tarehe 7 Aprili 2020, na wengi walikesha wakitazama Twitch, tovuti ya kutazama michezo ikichezwa moja kwa moja, wengine wakiacha dirisha la kivinjari wazi hata wakiwa wamelala, wakisubiri kubahatika kupata nafasi ya kujiunga na beta hiyo. Mchezo ulipotoka rasmi tarehe 2 Juni, hatua walizofikia zilifutwa. Kwa hiyo sioni sababu ya kununua akaunti ya beta, ambayo pia inaweza kufungiwa wakati wowote.