Mtendaji alisema ni mambo ya kifamilia. Je, halmashauri haihusiki?

SWALI: Dada yangu alifariki mwaka juzi akaacha watoto wawili, mmoja sasa ana miaka 9 na mwingine 3. Wanalelewa na mama yetu hapa Kilosa. Baba yao hakufunga ndoa na marehemu. Ni dereva wa lori, makazi yake Dar es Salaam, na tangu msiba hajatuma hata shilingi. Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji, akaniambia hayo ni mambo ya kifamilia, tukayamalize nyumbani. Mimi ni mama mdogo tu wa watoto hawa. Naweza kudai matunzo? Na halmashauri ina wajibu wowote, au ikisaidia ni hisani?

JIBU: Dada yangu, poleni na msiba. Kudai unaweza, na hisani haimo hapa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 94, inaipa mamlaka ya serikali za mitaa, ikiwemo halmashauri, wajibu wa kulinda ustawi wa kila mtoto aliye katika eneo lake. Kifungu cha 95 kinamgeukia mwananchi: ukijua mzazi mwenye uwezo hamtunzi mwanawe, unatakiwa kutoa taarifa kwa mamlaka hiyo. Kwa hiyo siku ile hukwenda kuomba. Ulikwenda kutoa taarifa, na kazi ya mtendaji ilikuwa kuiandika.

Rudi kwake, safari hii na barua ya ukurasa mmoja. Taja watoto na umri wao, nani anawalea, baba ni nani, namba yake ya simu, na mara ya mwisho kutuma chochote. Peleka nakala mbili, moja agongewe mhuri na tarehe ubaki nayo. Nimekaa ofisi ya ustawi miaka mingi, na naweza kukuambia kwamba malalamiko ya mdomo hupotea mlangoni. Mwenye nakala yenye mhuri hata mtendaji humwangalia kwa jicho jingine.

Kisha nenda halmashauri kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Angalia usichanganye: Afisa Maendeleo ya Jamii ni mwingine, huyo ndiye wa vikundi na mikopo. Sisi wa ustawi tumewekwa pamoja na afya na lishe, kwa hiyo ukielekezwa upande wa Mganga Mkuu wa Wilaya usidhani wanakuzungusha. Tuko wachache na kata ni nyingi. Ukimkosa leo, acha barua masjala uandikiwe tarehe.

Afisa atamwita baba kwa wito wa maandishi, na kwa kuwa huyu yuko Dar es Salaam, humwandikia mwenzake wa halmashauri anakoishi. Wengi huitika, na wengi huja na neno lile lile: «Mimi sijakataa, hali ngumu.» Hapo sibishani. Nachukua karatasi, nachora mstari katikati. Kushoto naandika unga, mafuta, sabuni, sare, viatu, madaftari, nauli ya hospitali. Kulia naandika mshahara na posho, kwa sababu dereva wa lori ana posho za safari hata kama mshahara wake ni mdogo. Nilipata baba mmoja aliyeapa hana kitu, na tulipofika kwenye mstari wa vocha na vinywaji akakaa kimya, kisha akataja mwenyewe kiasi atakachotuma. Kiasi hicho kinaandikwa, kinasainiwa, na kinapitia simu ili kila mwezi uache alama. Usikubali pesa ya mkononi kupitia rafiki yake.

Akikaidi makubaliano, au akipuuza wito, afisa hupeleka shauri Mahakama ya Watoto. Na hapa ndipo penye jibu la wasiwasi wako: maombi ya matunzo yanaweza kuletwa na mzazi, mlezi, ndugu wa mtoto, au afisa ustawi mwenyewe. Wewe ni ndugu, mama ni mlezi. Mimi ningependa jina la mama litangulie, kwa kuwa ndiye anayeishi nao. Mahakama itapima kipato cha anayedaiwa na gharama za maisha ya eneo mnaloishi. Inaweza pia kuagiza mshahara ukatwe. Zamani, kwa sheria iliyofutwa na hii ya 2009, mtoto wa nje ya ndoa alikuwa na kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Sasa kikomo hicho hakipo.

Sheria pia ina adhabu kwa anayekiuka haki za mtoto: faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Naitaja ili mjue ipo, ila sishauri kuanzia huko. Dereva aliye ndani haendeshi lori.

Jiandaeni kwa jambo moja, kwa kuwa dada hayupo tena kusema: anaweza kuwakana watoto. Tafuteni vyeti vya kuzaliwa vyenye jina lake, jumbe za simu, picha, watu waliokuwepo alipokuja kujitambulisha au kufanya mila za kumpokea mtoto. Kumtambua mtoto hadharani nako ni ushahidi. Vikikosekana, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba, kinachofanywa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Hapo huendi mwenyewe kama unavyokwenda maabara ya kawaida. Barua ya mahakama au ya afisa ustawi ndiyo inayofungua mlango.

Haya yote yanachukua miezi, na watoto wanakula leo. Mwombe afisa awaingize kwenye orodha ya watoto walio katika mazingira hatarishi, maana misaada ya sare na madaftari ikija huanzia hapo. Shule ya msingi ya serikali haina ada, ila michango ipo. Barua ya afisa kwa mwalimu mkuu husaidia mtoto asirudishwe nyumbani. Mdogo, kwa kuwa hajafika miaka 5, anatakiwa kutibiwa bila malipo kituo cha serikali. TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, msije kuiomba mezani kwetu: majina ya kaya hutajwa kwenye mkutano wa kijiji, kwa hiyo siku ukiitishwa mama awepo, na wewe ukae karibu naye asije akaona haya kusimama.

Kuhusu mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo watu watakushauri: asilimia 4 ni ya wanawake, na haina riba, lakini inarejeshwa. Ukiwa na biashara, ingia kikundi. Kwa ajili ya unga wa watoto usikope. Unga huo una baba.