Hepatiti (homa ya ini) na mitoki (tezi zilizovimba): mliyouliza kutoka Bukavu

*Muganga, bwana yangu ana hepatiti C. Jirani anasema italeta kansa ya damu. Ni kweli? (Mama wa Kadutu)*

Mama, jirani hajakosea sana. Kansa yenyewe inaitwa limfoma, huanzia kwenye chembe nyeupe za damu, zile zinazokaa kwenye tezi na wengu. Virusi vya hepatiti C vikidumu miaka mingi, chembe hizo huchokozwa mchana na usiku, huzaliana bila kupumzika, na siku moja mojawapo huharibika. Hatari huongezeka takriban mara mbili. Lakini limfoma ni ugonjwa wa nadra, na mara mbili ya kidogo bado ni kidogo. Mimi namhofia zaidi ini lake, kwa sababu ndilo linaloharibika kwanza.

Na hili nakuomba umwambie leo jioni: mwaka 2002 madaktari wa Ufaransa walieleza habari za wagonjwa 9 waliokuwa na limfoma ya wengu pamoja na virusi C. Walitibiwa virusi tu, kwa interferoni, dawa ya sindano. Saba kati yao limfoma ilitoweka. Siku hizi ni vidonge, kwa kawaida wiki 12, na zaidi ya watu 95 kwa 100 wanapona C kabisa. Asikae kusubiri.

*Mimi nina hepatiti B. Je, nami niko hatarini? (Kijana wa Bagira)*

B nayo huongeza hatari hiyo. Vidonge vyake huituliza, mara chache huiondoa. Ukija kutibiwa limfoma, sema mapema kwamba una B: dawa iitwayo rituksimabu inaweza kuiamsha kwa nguvu ya kuua, hata kwa mtu aliyedhani imekwisha zamani. Damu ipimwe kwanza, upewe vidonge vya kuilinda ini.

*Nina uvimbe shingoni, hauumi. Natumia dawa za kifua kikuu miezi mitatu, unazidi kukua. (Ibanda)*

Kwetu kifua kikuu ndicho hufikiriwa kwanza, na ni haki. Dawa usiache. Tezi za kifua kikuu zinaweza hata kuvimba ukiwa kwenye matibabu. Ila homa, jasho la usiku na kukonda ni dalili za magonjwa yote mawili, kifua kikuu na limfoma, macho hayawezi kuyatenganisha. Rudi wiki hii, uombe kipande cha tezi kikatwe kikapimwe.

*Tuache kula sahani moja na mwenye hepatiti?*

Hapana, kuleni pamoja. Wembe, sindano na mswaki ndivyo visishirikiwe. B hupita pia kwa ngono, na kwa mama anapojifungua. B ina chanjo, C haina.