Bati Lilikuwa na Dhamana, Paa Halikuwa Nayo

Jumatatu nilipokea ujumbe wa dada mmoja anayenisoma hapa mara kwa mara. Ameandika hivi: "Kaka, tunaezua paa lote wiki hii. Mabati tumeshanunua, yana dhamana ya miaka 15, na fundi anapanda Jumamosi. Mume wangu anataka tuandikishane na fundi. Mimi naona ni kumsumbua bure. Si dhamana tunayo tayari?"

Niliusoma mara tatu. Maneno hayo niliyasema mimi, karibu vilevile, siku mke wangu aliponisihi tuandikishane na fundi wetu. Nilimshinda kwa hoja. Miaka minne baadaye tulikuwa tunasogeza kitanda cha watoto usiku wa manane tupate pa kuweka beseni.

Dada, jibu langu ni refu kidogo. Naliandika hapa ili na mwingine aliye njiani kwenda kununua mabati alisome.

Nyumba yetu tuliinunua na paa lake kuukuu, la mabati yaliyopigiliwa misumari, yenye kutu kila penye tundu. Tuliweka akiba muda mrefu kwa ajili ya paa jipya. Kila mwenye nyumba anaijua ndoto hii: utoke nje asubuhi baada ya mvua, uangalie juu, uone paa limenyooka na rangi yake inang'aa, moyo utulie. Siku ya kununua niliangalia mambo mawili, rangi na idadi ya miaka. Muuzaji alinipa cheti kizuri chenye muhuri. Nilikitia nailoni nikakiweka kwenye faili moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Sikukisoma. Niliona "miaka 15" kwa herufi kubwa, nikaona yatosha.

Fundi alifanya kazi siku nne. Alikuwa mchapakazi, hilo silikatai. Alikata mabati kwa grenda huko huko juu ya paa, cheche zikiruka kama fataki, nami nipo chini napiga picha kwa fahari. Picha moja niliipenda kuliko zote: fundi amepiga goti kwenye kona, cheche za rangi ya chungwa zimemzunguka, mabati mapya yanameremeta chini yake. Niliituma kwa ndugu wote.

Mwaka wa kwanza, salama. Wa pili likaonekana doa la kahawia kwenye dari. Fundi alikuja akapaka silikoni, ile yenye harufu ya siki, likakauka. Mwaka wa nne tukaanza kuona vijidoa vya kutu juu ya bati, vimetawanyika kama pilipili manga, halafu mstari wa kutu kwenye kingo zilizokatwa, na vichwa vya skrubu vikawa vyekundu. Mvua kubwa ya kwanza ya msimu ule iliingia chumbani kwa watoto.

Sikuwa na wasiwasi. Nilichukua cheti changu, risiti na picha zote za ujenzi, ile ya cheche ikiwamo, nikaenda kudai haki yangu. Kampuni ilimtuma mkaguzi. Alikuwa mtu mstaarabu, alipanda, akapima, akaandika, akaondoka bila kusema lolote. Baada ya wiki tatu ikaja barua ya ukurasa mmoja.

Barua ile nimeisoma mara nyingi kiasi kwamba naijua kwa moyo. Ilisema dhamana ni ya bati kutoboka kwa kutu inayotokana na kasoro ya kiwandani, wala si ya paa kuvuja. Ilisema vijidoa vimesababishwa na vumbi la moto la grenda, ambalo hutua juu ya bati, huunguza utando wake na kushika kutu, na kwamba picha niliyoiwasilisha mwenyewe inathibitisha. Ilisema skrubu si za aina iliyoagizwa. Ilisema bati lililo chini ya hita ya maji limeliwa kwa sababu maji yanayotiririka kwenye bomba la shaba yanalidondokea. Kila jambo liliambatana na kifungu chake cha cheti. Nilikwenda kabatini, nikatoa nakala yangu, nikalinganisha. Vifungu vyote vilikuwamo, upande wa nyuma.

Nilimpigia fundi. "Bosi, mabati ndiyo mabovu," akaniambia. "Mimi kazi yangu niliifanya vizuri." Kiwanda kinasema fundi, fundi anasema kiwanda. Katikati hapo sikuwa na karatasi hata moja yenye saini ya fundi. Miaka imepita, lakini nikikumbuka simu ile bado kifua kinanibana. Kilichoniuma zaidi ni uso wa mke wangu, ambaye hakusema neno.

Baada ya hapo ndipo nilipokaa na cheti nikakisoma mstari kwa mstari. Nilichokielewa usiku ule ndicho ninachotaka ukichukue, dada, hata ukiacha mengine yote. Dhamana ya kiwanda ni ahadi kuhusu bati kama bidhaa. Paa ni bati, skrubu, kofia (bati linalofunika kilele cha paa), mbao, mteremko na mikono ya mtu aliyeviunganisha. Maji mara nyingi hupita kwenye maungio, yaani kwenye matundu ya skrubu, chini ya kofia, kwenye makutano ya pande mbili za paa, pembeni mwa bomba. Maungio hayo ni kazi ya fundi, na kiwanda hakiahidi chochote juu yake. Kwa hiyo unahitaji ahadi mbili kutoka kwa watu wawili. Wewe unayo moja.

Na hiyo moja isome vizuri. Ile miaka 15 iliyoandikwa kwa herufi kubwa inahusu nini hasa? Kwenye cheti changu kutoboka kulikuwa na miaka yake, rangi kubanduka kulikuwa na yake pungufu, na rangi kupauka kulikuwa na masharti ya peke yake: kupauka kwa kawaida kunakubalika, kinachodaiwa ni kupauka kwa mabaka au kupita kiwango fulani. Halafu kuna thamani inayoshuka kila mwaka. Chukua bati la dhamana ya miaka 15 inayopungua sawasawa. Likiharibika mwaka wa 10, imebaki miaka 5, unalipwa theluthi moja ya bei ya bati, bei uliyonunulia. Ufundi wa kuezua na kuezeka ni juu yako, dari iliyoharibika ni juu yako, godoro lililolowa ni juu yako. Na ukipewa bati jipya, kwa kawaida saa haianzi upya, linarithi miaka iliyobaki ya lile la kwanza.

Jambo jingine nililijifunza kwa kuchelewa. Watu wengi dukani tunauliza geji tu, kama geji 28 ndiyo kila kitu. Geji ni unene wa chuma. Kinachozuia kutu ni utando uliopakwa juu ya chuma hicho. Kwenye mabati ya alumini na zinki utando huo ni karibu asilimia 55 alumini, asilimia 43.4 zinki na kiasi kidogo cha silikoni (elementi, si ile gundi ya kuzibia), na wingi wake huandikwa kwa alama kama AZ150, maana yake gramu 150 kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili zikijumlishwa. Bati lenye AZ70 lina chini ya nusu ya kinga hiyo hata kama geji ni ileile. Mabati ya zinki tupu huandikwa kwa Z, mfano Z275. Muulize muuzaji alama hiyo, na uone kama inaandikwa kwenye risiti. Risiti iliyoandikwa "mabati" tu haitakusaidia siku ya madai, kwa sababu huwezi kuonyesha kwamba ulichonunua ndicho kilichotajwa kwenye cheti.

Vitu vinavyofuta dhamana vinafanana kwa watengenezaji wengi, nami nilivivunja kadhaa bila kujua. Kukata kwa grenda. Kuchanganya na shaba au risasi. Skrubu zisizolingana na bati. Sementi mbichi kugusa bati. Mteremko mdogo kuliko ule ulioagizwa. Nyumba iliyo karibu mno na bahari, na hapa kila kiwanda kina umbali wake, kwa hiyo soma chako. Hata silikoni ile yenye harufu ya siki ina asidi inayokula utando, kuna aina isiyo na asidi inayotumika kwenye bati. Na mabati yakirundikwa uani yakalowa, maji yakinaswa kati ya bati na bati huleta kutu nyeupe kabla hata hayajapanda juu, na hiyo pia hailipwi. Kama yako yapo nje sasa hivi, yainue kutoka ardhini, yainamishe kidogo, yafunike kwa namna inayopitisha hewa. Fanya hivyo leo.

Wenye vigae vya kawaida au vigae vya lami (shingles), msidhani mmepona. Masharti yenu ni mengine, hasa upitishaji wa hewa chini ya paa, idadi ya misumari na kuezeka juu ya paa la zamani bila kuliezua, lakini mgawanyiko ni uleule: bidhaa upande mmoja, ufundi upande mwingine.

Sasa niseme nilichofanya mara ya pili, maana sikuishia kwenye machozi. Tuliezua upande mmoja mzima. Fundi wa pili nilimwita mezani kabla hajagusa ngazi. Nilikuwa na karatasi mbili tupu na kalamu. Tuliandika tarehe, sehemu ya paa anayoshughulikia, alama ya bati, aina ya skrubu, na kwamba atakata kwa mkasi wa bati na kufagia mabaki ya chuma kila jioni. Tuliandika kuwa kwa miaka mitatu, maji yakiingia kwenye maungio aliyoyafanya, atarudi ndani ya siku saba na kurekebisha kwa gharama yake. Tuliandika pia yasiyomhusu: tawi likianguka, au mtu mwingine akipanda kutoboa kwa ajili ya antena. Sehemu ya malipo tukakubaliana ibaki mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite. Alitia saini, nami nikatia, kila mmoja akachukua nakala.

Nilitarajia akasirike. Aliniambia, "Mzee, hivi ndivyo napenda. Na mimi unanilinda." Hapo niliona jinsi tulivyo na haya isiyo na maana. Tunaogopa kumwomba fundi aandike kwa sababu tunadhani tunamwita mwizi, kumbe fundi mzuri ana cha kupoteza pasipo na maandishi: kila doa la dari litakuwa lake, hata lililosababishwa na mwingine. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Paa ni mali. Pengine ni mali kubwa kuliko zote ulizo nazo juu ya kichwa chako, na unaikabidhi kwa neno la mdomo? Tuache, jamani. Andikishaneni. Kama hajui kuandika, andika wewe umsomee mbele ya shahidi. Kama anakataa katakata, mshukuru kwa muda wake na utafute mwingine, hata kama umechelewa, hata kama mawingu yameshatanda.

Mwezi uliopita, mwaka wa pili wa kazi hiyo, kofia ilianza kupitisha maji karibu na ukuta wa mwisho. Nilimpigia. Alikuja siku ya tatu akiwa na nakala yake mfukoni, imekunjwa mara nne. Alifungua kofia, akakuta skrubu mbili zilizokazwa kupita kiasi mpaka mpira wake ukapasuka, akabadilisha, akanionyesha zile za zamani kiganjani. Hatukubishana. Hakuniomba hata nauli. Mke wangu alimletea maji ya kunywa, kisha akaniangalia, na safari hii nilikuwa na uso wa kumtazama.

Kwa wanaofanya matengenezo tu, neno moja. Paa likiwa bado ndani ya muda wa dhamana, usimpandishe mtu kuziba kabla hujaarifu kiwanda kwa maandishi. Vyeti vingi vinataka taarifa ndani ya siku chache baada ya kasoro kuonekana, mara nyingi 30, na mtu akishapaka kitu juu yake mkaguzi atasema hawezi kujua kilichotangulia. Piga picha kwanza, zenye tarehe. Weka beseni kama ni lazima. Ndivyo ilivyo pia kabla ya kufunga sola au hita ya maji: uliza kwanza, upate jibu la maandishi. Na ukiuza nyumba, angalia kama cheti kinahamishika na kwa masharti gani, kwa sababu vingine hufa siku unapokabidhi ufunguo. Pia usikate tamaa ukikataliwa mara moja. Katika nchi nyingi mnunuzi analindwa na sheria dhidi ya bidhaa mbovu hata cheti kikinyamaza. Mimi sikuwa na pa kusimama, kwa sababu kasoro zilikuwa za kazi yangu na ya fundi wangu, lakini wewe huenda unapo.

Dada, umesema fundi anapanda Jumamosi. Geuza cheti usome upande wa nyuma pamoja na mume wako, kisha mpigie fundi umuulize mambo mawili tu: anakata kwa kifaa gani, na skrubu zake ni za aina gani. Majibu yake yaandike kwenye karatasi hiyo hiyo mtakayotia saini. Na mume wako mwambie nimesema yuko sahihi.