Mwiba wa sangara, sindano siku 5, mguu bado umevimba

Pole sana dada. Unauliza kama mumnunulie mzee aliyechomwa na mwiba vidonge "vikali zaidi" duka la dawa, kwa kuwa sindano za seftriaksoni (dawa ya kuua bakteria) hazijasaidia. Msinunue, hiyo ni kubahatisha mara ya pili.

Mpelekeni leo hospitali inayootesha vimelea (maabara hukuza vimelea vya usaha ili kujua dawa ipi inaviua), Bugando ya Mwanza kwa mfano, na karatasi ya sindano alizochomwa. Semeni wazi kwamba ni mwiba wa samaki: maji ya ziwa hubeba bakteria aitwaye Aeromonasi, ambaye seftriaksoni inaweza kushindwa nayo. Kidonda kisafishwe kwanza, ndipo usaha wa ndani uchukuliwe. Pamba ikipitishwa juu juu huzoa vimelea vya ngozi, majibu yakapotosha. Subirini majibu siku 2 hadi 3. Usaha uliojificha lazima upasuliwe, maana dawa haiupenyi vizuri. Akiandikiwa meropenemu (dawa nyingine ya kuua bakteria), ni ya mshipa, kwa kawaida kila saa 8. Dozi ya usiku wa manane ndiyo hurukwa, basi anayemuuguza aiulizie.

Akihema haraka, akiweweseka au mkojo ukipungua, hiyo ni dharura hata kabla ya majibu.

Akirudi nyumbani, dagaa na mayai kila siku, na asioge ziwani mpaka kidonda kifunge. Uchovu wa wiki kadhaa ni kawaida. Homa mpya siyo.