Maswali na majibu: taa za redio ya mnarani

Maswali haya yote yanahusu moduli za redio (RRU) za Huawei, yaani redio zinazofungwa juu ya mnara wa simu, karibu na antena. Kampuni nyingine hupanga taa zake tofauti.

Taa ya RUN (inayoonyesha kama moduli inafanya kazi) inawaka mfululizo, lakini redio haitoi mawimbi. Si ina umeme?

Umeme inao. Kilichokwama ni moduli yenyewe. Ikiwa nzima, RUN huwaka sekunde 1 na kuzima sekunde 1. Ikiwaka na kuzima harakaharaka, inapakia programu: iache imalize, usiikatie umeme. Kama haizimi kabisa, zima breka yake ya umeme, subiri dakika moja, uwashe. Ikirudia vilevile, ibadilishe.

Taa zote zimezimika. Nianzie wapi?

Chini, kabla ya kupanda. Pima kwa multimita kwenye breka ya moduli hiyo: utegemee takriban -48 V, au karibu -53 V betri zikiwa zinachajiwa. Kama umeme upo hapo, tatizo liko juu: konekta ya umeme imelegea, waya umekatika, au ncha zimegeuzwa.

Taa ya CPRI (kiungo cha faiba kati ya redio na mtambo wa chini) ni nyekundu. Nibadilishe faiba?

Kwanza tazama taa inavyowaka. Nyekundu isiyozima ni hitilafu ya kupokea mwanga: safisha ncha za faiba, hakikisha nyuzi za kutuma na kupokea hazijapishana, kisha pima kwa mita ya mwanga. Usichungulie ndani ya faiba hata kidogo. Mwanga wake hauonekani, lakini unadhuru jicho. Nyekundu inayowaka na kuzima ni habari nyingine: pande mbili hazijashikana, mara nyingi kwa sababu ya kasi zisizolingana. Hapo faiba mpya haitasaidia.

Taa ya ALM (alarmu) inawaka na kuzima. Moduli imekufa?

Si lazima. Chanzo kinaweza kuwa kadi au mlango unaohusiana nayo. Isiyozima ndiyo inayodai moduli mpya.

Taa ya VSWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa na antena) ni nyekundu na nimeambiwa nishushe moduli. Ni sawa?

Bado! Taa hiyo inasema nguvu inarudi kutoka upande wa antena. VSWR ikiwa 1.5, karibu asilimia 4 ya nguvu inarudi, ikifika 2.0, ni asilimia 11. Wahalifu wa kawaida ni maji ndani ya konekta na konekta isiyokazwa sawasawa. Konekta ya aina ya 7/16 hukazwa kwa 25 hadi 30 Nm, na mkono mtupu haufiki hapo; ya aina ya 4.3-10 inatosha 5 Nm. Tumia spana ya kipimo.

Zima utumaji wa mawimbi kabla ya kufungua chochote, kwani mawimbi huunguza. Kisha badilishana jampa (kebo fupi zinazounganisha moduli na antena) za milango miwili na uwashe. Alarmu ikihamia mlango wa pili, kosa liko kwenye jampa au antena. Ikibaki palepale, ndipo moduli ishuke. Ukimaliza, funga konekta kwa tepu ya kuzuia maji, na tabaka la mwisho lianzie chini kwenda juu, lipandane kama vigae vya paa, ili mvua iteremke bila kupenya.