Kabla ya kuchagua baruti, pima maji

Wadogo zangu mnaoingia timu za kulipua miamba kwenye karieri (machimbo ya mawe) za Lubumbashi, swali la kila mgeni ni lilelile: baruti ipi ndiyo kali zaidi? Liwekeni kando kwanza. Anzeni na hili: mashimo yana maji au hayana?

Ile baruti ya punje inayokuja kwenye mifuko ina bei nafuu, na kwenye shimo kavu inafanya kazi nzuri sana. Lakini punje zenyewe ni aina ya chumvi, na maji huziyeyusha. Ikilowa, nyingine italipuka, nyingine itaungua vibaya, nyingine itabaki imefukiwa kwenye mawe ikimsubiri dereva wa ekskaveta. Hapo ndipo mtaona moshi wa rangi ya machungwa ukipanda. Vijana hukimbilia kuupiga picha, na jambo hili linaniumiza. Rangi ile ni nitrojeni dioksidi. Inaunguza mapafu kimyakimya: mtu aliyeivuta anaweza kurudi nyumbani akijiona mzima, kisha saa kadhaa baadaye akashindwa kupumua. Ukiivuta, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama hukohoi, na umwambie daktari ulichovuta.

Huku kwetu mvua hushika kuanzia Novemba hadi Aprili, na mwamba wa dolomiti wa Katanga una nyufa zinazotembeza maji chini kwa chini. Mgodi wa Kipushi, hapo kilomita 30 hivi kutoka mjini, ulifurika mwaka 2011 pampu ziliposhindwa. Kwa hiyo hata Agosti, vumbi likiwa limejaa barabarani, msimwamini anayesema “ni kavu” bila kupima. Teremsha tepu yenye uzito, soma kina, angalia imelowa kuanzia wapi, andika namba ya shimo. Fanya hivyo kwa kila shimo, maana mawili yanayopakana yanaweza kutofautiana kabisa.

Penye maji, chagua baruti ya emulsheni. Ndani yake ile chumvi imefunikwa na mafuta, maji hayaifikii kwa urahisi. Bei yake iko juu na wakubwa watanung’unika. Waonyesheni daftari la vipimo. Mwenye namba mkononi husikilizwa. Hata emulsheni ina muda wake wa kukaa shimoni, kiwanda huuandika kwenye karatasi yake. Mlipuko ukiahirishwa kwa ajili ya radi au mashine mbovu, isomeni upya.

Ugumu wa mwamba nao una neno lake, ila huo mtaelekezwa na mhandisi mwenye ramani.

Baada ya mlipuko, mtu wa kwanza kuingia ni butefe (fundi wa kulipua) mwenye kibali, moshi ukishaisha. Mkiona punje, waya au kitako cha shimo la zamani (sehemu ya chini iliyobaki), msiguse, msipige nyundo, na msitoboe humo kamwe. Wekeni alama, rudini nyuma, mwiteni yeye.